Jibu Nililolitoa kwa Simu ya Athmani

Mtongwe, Likoni
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Najua marahaba umeshaitikia kabla Rukia hajafika mwisho wa mstari, na sasa unamuuliza, "Anasema yu mzima?" Mzima, Mama. Nakula, nalala, sina homa. Nawe natumai presha imetulia, dawa unazimeza baada ya chakula wala si kabla, na lile goti limeacha kukusumbua wakati wa kusujudu. Rukia, mdogo wangu, nakusalimu kwa mapenzi, na nina ombi kwako wewe unayesoma. Msomee Mama polepole, usiruke mahali, hata pale utakapotamani kuruka. Mengi humu yanakugusa wewe kuliko mtu yeyote. Kama kuna wageni sebuleni, ikunje karatasi mpaka waondoke.

Mtajiuliza kwa nini karatasi, siku hizi ambapo hata bibi wa nyumba ya nne ana simu ya kugusa. Nimejaribu kupiga simu mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza, Mama, uliweka sauti ya juu ili mashangazi wote wanisikie, vikapigwa vigelegele, nami nikaishia kuuliza kama huko Faza mvua imenyesha. Mara ya pili nilikata mwenyewe kabla hujapokea. Mara ya tatu ulinambia unachagua kitambaa cha mapazia ya chumba cha bi harusi, nikasema inshallah, nikanyamaza, ukafikiri mtandao umekatika. Basi nimeamua kuandika. Bakari, mwana wa jirani yetu, anapanda basi kesho asubuhi kuja huko, na barua hii nitamtia mkononi mwenyewe. Tena simu ndiyo iliyofanya mabaya yote haya, sitaki niitumie kuyatengeneza.

Nalisema sasa kabla mkono haujaogopa. Lile jibu la posa ya Rukia, ule ujumbe uliotoka kwa simu ya Athmani ukisema, "Nimeridhia mama yangu kipenzi Mungu awaongoze," Athmani hakuuandika. Niliuandika mimi. Athmani hakuulizwa, wala hakujua kama kuna posa. Wewe ulimwambia mshenga kwamba walii wa kumwozesha Rukia ameridhia, Fatiha ikasomwa, nikaha ikawekewa siku, na walii mwenyewe alikuwa kitandani hana habari. Imebaki wiki tatu, na msingi wote wa shughuli hii ni neno langu mimi Swaleh nililolivika jina la kakangu.

Keti, Mama. Rukia, mpe maji. Athmani yu hai na anapona, nami nitaeleza yote kwa mpango.

Hii ni wiki ya saba tangu aanguke. Kazi yake kule Changamwe, kama unavyojua, ni kupanda juu ya makontena na kuyafunga kwa vyuma. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, mguu ukateleza, akaangukia upande wa kulia. Mkono ulivunjika mahali pawili na taya nalo likavunjika. Hospitali walimfunga taya kwa waya, meno ya juu na ya chini, asifungue kinywa kwa wiki sita. Kusema hawezi, kuandika hawezi. Alikuwa akinywa kwa mrija tu, uji mwepesi na supu ya samaki iliyochujwa mara mbili. Amekonda, sikufichi. Lakini waya zimetolewa Jumanne iliyopita, na neno la kwanza alilomwambia daktari ni "wali." Maneno bado yanamtoka kwa shida, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, ila yanatoka.

Siku ile ya kwanza, kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji, alinishika shati kwa mkono wa kushoto, akaionyesha simu yake, akatikisa kichwa. Nilimwelewa. Mama asijue. Sote tunakumbuka Baba alipofariki ulivyolazwa siku nne, na daktari alivyotuonya. Nikaichukua simu, nikakuandikia kwa jina lake kwamba spika imekufa, sauti haiingii wala haitoki, basi tuwasiliane kwa ujumbe. Uongo huo wa kwanza tuligawana mimi na yeye. Uliofuata wote ni wangu.

Na kumjibia mtu si kazi rahisi, usione hivi. Athmani hatii nukta, hamalizi bila "mama yangu kipenzi", na akiwa na furaha huandika neno moja mara mbili. Nilirudi nyuma nikazisoma jumbe zake zote za zamani, nikajifunza mkono wake. Lakini lile kubwa likanipita. Siku moja ulituma jina lake tu, "Athmani", vile unavyomwita ukiwa jikoni, nami nikaandika "Naam." Ukanijibu, "Tangu lini wewe ukaacha labeka?" Nilikuwa ndani ya feri natoka kazini, nikahisi watu wote wamegeuka kunitazama. Nikaandika labeka mbiombio, nikatia kisingizio cha kazi. Ukanyamaza siku mbili nzima, na siku hizo mbili sikuwa mtu.

Kisha ukaja ule ujumbe mwingine. Ulimwandikia Athmani, "Mwangalie mdogo wako Swaleh. Majibu yake yamekuwa mafupi, ana jambo moyoni. Wewe ndiye mkubwa." Basi nikakujibu mimi, kwa jina la kakangu, kwamba Swaleh hajambo, ni kazi tu imemzidi, nitamwangalia. Nilipomaliza kuutuma nililia, wallahi, tena pale pale kituoni mbele za watu, nikajifanya nina mafua.

Sasa ni lazima nikueleze kazi yangu, maana hapo ndipo nilipopata ujanja wa kwenda mbali zaidi. Umeniuliza siku nyingi nafanya nini hasa, mbona nasema narudi shati halina jasho. Pale Changamwe nafanya kazi katika ghala la chai. Malori yanateremka kutoka bara na magunia, magunia yanapimwa, na kuna mizani kumi na mbili. Kila mizani ina kikompyuta chake, ambacho hupeleka uzito wa kila gunia kwa kompyuta kuu iliyo ofisini, nayo hujibu, "nimepokea." Bila jibu hilo mizani haipimi gunia la pili. Mimi ndiye mtunzaji wa hayo mazungumzo yao. Kila mashine ina anwani yake, mfano wa nambari ya simu, na hujuana kwa anwani hizo tu.

Kompyuta kuu ya zamani ilikuwa mgonjwa. Siku moja ikazimika na isiwake tena. Ile mpya ilikuwa tayari, hesabu yote ya chai ya zamani imeshahamishiwa humo, lakini ina anwani nyingine. Mizani zote kumi na mbili zilikuwa zinajua anwani ya marehemu tu. Kuzifundisha anwani mpya kulitaka niingie chini ya kila mizani, kwa tumbo, nifungue kifuniko, nianze upya kila kitu, karibu nusu saa kwa kila moja. Nami nikaona uvivu. Nikachukua kisanduku kidogo, nikakipa ile anwani ya marehemu, nikakiweka mahali pake. Ndani yake nikaandika kanuni ya faiawoli. Faiawoli ni bawabu, Mama, hukaa mlangoni aamue nani apite na apite kwenda wapi. Nikamwambia bawabu wangu: kila kitakachokuja kumtafuta marehemu, kipeleke kwa kompyuta mpya. Mizani hazitajua lolote. Dakika kumi tu, nikajipongeza.

Zikagoma. Zote. Nikaangalia kwa kompyuta mpya, uzito unafika, na jibu linatolewa. Nikaenda kwa mizani, imekaa inangoja inalalamika haijajibiwa. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani, madereva wanapiga honi, na meneja wetu, mama mmoja wa bara asiyependa maneno mengi, alikuwa akipita kila baada ya dakika chache akiuliza, "Swaleh, imefika wapi?" Nilitoka jasho siku hiyo, ungefurahi.

Yuko mama mmoja pale, Bi Zuhura, mkubwa wa makarani wa mizani. Ni mtu wa hapa hapa Mtongwe, wazee wake wote wamezikwa hapa, na ndiye aliyetupatia chumba hiki. Ndiye pia aliyekuwa akimchujia Athmani supu na kumletea kwa birika kila jioni. Kila siku tukivuka feri aliniuliza, "Mama yenu amesemaje?" nami namwambia unamwombea sana mwanao. Hunitania kwamba sisi watu wa visiwani tunasema tukiimba. Siku hiyo mizani zimekufa, hana la kufanya, akajimiminia chai akaanza kulalamika habari za mpwa wake.

Mpwa wake amepeleka posa Ukunda. Mshenga akaenda, akasema yaliyomleta, akaondoka. Baada ya siku chache mjomba wa binti, mtu wa mambo ya kisasa, akaona mshenga ni wa nini, akachukua simu akampigia babake mpwa moja kwa moja: tumekubali, karibuni. Jibu ni ndiyo, lakini wazee upande huu wamekataa kulisikia. Bi Zuhura alikuwa amekasirika kweli. "Huyu sisi hatukumuuliza kitu," akaniambia kwa sauti yao. "Tulimtuma mshenga, na jibu atalileta mshenga. La, basi hatujajibiwa."

Nikaacha chai yangu pale pale. Ndilo lililokuwa likifanyika, Mama. Mizani imemuuliza marehemu. Bawabu amelipeleka swali kwa kompyuta mpya, nayo kwa kuwa imo nyumba moja na mizani, ikaona bawabu wa nini, ikaijibu mizani uso kwa uso kwa anwani yake yenyewe. Mizani ikatazama, ikasema huyu mimi sikumuuliza kitu, ikalitupa jibu. Nikarudi kwa bawabu nikamwongezea kanuni moja tu: unapolipeleka swali, lipeleke kwa jina lako, ili jibu lirudi kwako, nawe ulivike jina la marehemu ndipo umpe mwenye kuuliza. Nikabonyeza. Mizani ya kwanza ikalia tii, ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. Makarani wakapiga makofi. Meneja akaniambia "Sawa", na kwake yeye hilo ni hotuba.

Nimekueleza yote haya kwa sababu siku tatu baadaye, kichwa kingali kimenivimba kwa sifa, ndipo ulipokuja ujumbe wako.

Ninao hapa, naunakili kama ulivyo. "Athmani, imekuja posa ya Rukia, ni Twalib mwana wa mwalimu. Mshenga yuko sebuleni anangoja. Baba yenu hayupo, wewe ndiye walii. Umeridhia?" Mkono ni wako Rukia, naujua uandikaji wako. Hukutia neno lako hata moja. Zamani ulikuwa ukimaliza kuandika ya Mama unaongeza utani wako mwishoni, unanidai hina au viatu. Tangu ujumbe huo sijauona utani. Niliona hivyo siku ile ile nikajiambia ni haya za mwari, nikapita.

Athmani siku hiyo alikuwa amerudishwa hospitali. Mkono ulikuwa umeshika usaha, homa imepanda, wamempa dawa za usingizi. Ningeweza kukuandikia kwa jina langu, nikwambie ukweli, ungepatwa na mshtuko lakini ungejua. Ningeweza kusema ngoja kesho. Mshenga angerudi kesho, hakuna mshenga aliyekufa kwa kungoja. Lakini nilimfikiria Twalib, tuliyesoma naye Kurani chuoni kwa mwalimu, mtu mpole, hajawahi kupigana na mtu. Nikafikiria Athmani akiwa mzima angekubali. Nikafikiria furaha yako. Na zaidi ya yote, Mama, sitaki kukudanganya tena, nilifikiria jinsi nilivyozihadaa zile mizani. Kama jibu ni sahihi na limekuja kwa anwani iliyoulizwa, kuna ubaya gani? Nikaandika "Nimeridhia" bila nukta. Nikaongeza "mama yangu kipenzi". Ukajibu kwa dua ndefu, na dua zote zile zilikuwa za Athmani.

Athmani alipozinduka sikumwambia. Nilisema homa ishuke kwanza. Homa ikashuka, nikasema waya zitolewe kwanza. Nikaenda kumuuliza imamu wa msikiti wa hapa, nikajifanya ni kisa cha mtu mwingine: mtu amejibu mahali pa walii bila ya walii kujua. Imamu alinitazama kwa muda, akanambia, "Mwambie huyo mtu mwingine akatengeneze mapema, kabla watu hawajalala nyumba moja kwa neno lake." Nikamshukuru kwa niaba ya huyo mtu mwingine.

Hata baada ya hapo bado nilikuwa nasitasita. Ni ghala lililonisukuma.

Jumatatu iliyopita iligunduliwa kwamba mizani moja imeharibika, inazidisha uzito wa kila gunia. Kitu kidogo, inatokea. Unaangalia kwenye kompyuta magunia yaliyopimwa na mizani ile, unayapima upya, basi. Meneja akaniita nimwonyeshe ni magunia yapi. Nikafungua, Mama, na mbele yake yeye na Bi Zuhura nikaona nilichokifanya. Kompyuta mpya hutambua mizani kwa anwani tu, na tangu siku ile kila uzito umeingia kwa jina moja, la bawabu. Mizani kumi na mbili, sauti moja. Magunia yote ya siku zote zile, hakuna awezaye kusema lipi limepimwa na nani. Meneja aliuliza swali moja. "Sasa hii ndiyo nani anaongea hapa?"

Walipima upya kila gunia ambalo lilikuwa halijaondoka. Wapagazi walishusha na kupandisha siku mbili mfululizo, na Bi Zuhura kwa umri wake alisimama na karatasi akiandika kwa mkono, akijishika kiuno. Hakunikemea. Aliniuliza tu kwa nini sikuzifundisha mizani anwani mpya tangu mwanzo. Nikamwambia ukweli, niliona uvivu wa kuingia chini. Akasema, "Haya, ingia." Basi nikaingia. Mizani moja baada ya nyingine, kwa tumbo, vumbi la chai limenijaa puani, nikaiambia kila moja: yule uliyemjua hayupo tena, aliyepo ni huyu, na anwani yake ni hii. Ya kumi na mbili ilipojibiwa na kompyuta mpya yenyewe, kwa jina lake yenyewe, nikakichomoa kile kisanduku nikakitia ndani ya mfuko wangu. Kazi niliyoikwepa kwa wiki zote hizo ilichukua siku moja tu. Kazi bado ninayo, meneja amenipa onyo la maandishi, na ni haki yangu.

Siku iliyofuata, Ijumaa, niliporudi kutoka Changamwe nilimkuta Athmani ameketi kizingitini na kikombe cha uji, anakunywa bila mrija kwa mara ya kwanza, mwingine unamtiririka kidevuni. Bi Zuhura alikuwa naye, anamcheka. Nikangoja Bi Zuhura aondoke, nikakaa chini, nikamwambia. Nilianza na mizani kwa sababu sikujua pa kuanzia. Alinisikiliza akidhani namwelezea habari za kazi. Nilipofika kwa posa alikiweka kikombe chini.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga kwa ule mkono mzima. Akasema, maneno yake yakitoka mazito, "Nisomee alivyoandika Mama." Nikamsomea. Akasema tena. Nikamsomea tena. Mara ya tatu akaichukua simu yake mwenyewe, akausoma ujumbe ule kwa macho, kidole cha kushoto kikipita juu ya kila neno, na alipofika mwisho akarudi mwanzo kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Sikujua anatafuta nini. Nilimwomba akupigie simu saa ile ile, aseme mwenyewe. Alikataa. "Andika kwanza ulilofanya wewe," akanambia. "Mimi nitasema baada yako." Kuanzia hapo simu yake anayo mwenyewe, ameitia chini ya mto.

Basi ndiyo hii nimeandika. Nimechana karatasi nne kabla ya hii. Kila nikifika kwenye neno "niliuandika mimi" kalamu inataka kuzunguka.

Mama, sijui kama jibu la Athmani litakuwa ndiyo au la. Kama ni ndiyo, huenda ukasema basi yamekwisha, ilikuwa ni ndiyo tangu mwanzo. Lakini haitakuwa sawa, na nakuomba usiniondolee kosa kwa sababu hiyo. Na kama ni la, basi mimi ndiye nitakayekwenda kwa mwalimu, babake Twalib, nimwambie kwamba si wewe uliyemvunjia heshima wala si Athmani. Nimeshaomba ruhusa kazini. Nitakuja huko kabla ya siku ya nikaha, nitakaa mbele ya wazee, wanione huyo aliyejibu bila kuulizwa. Naogopa, sikufichi. Nauogopa uso wa mshenga. Ninachokiogopa zaidi ni uso wako. Ukasirike utakavyo, usiseme nami mwaka mzima ukipenda, lakini radhi yako usininyime. Na jibu lako, likiwa lolote, usilitume kwa simu ya Athmani. Niandikie mimi, kwa jina langu.

Mapazia yangoje kidogo. Kitambaa hakitaharibika.

Nisalimie shangazi anayekaa nawe, mwambie vigelegele vyake vilinifika na samahani nilivijibu na habari za mvua. Nisalimie mjomba mwenye duka la kamba na nyavu, yule tuliyemwambia Athmani hana nafasi ya kupiga simu, naye namwomba msamaha, maana naye tulimdanganya. Nisalimie bibi wa nyumba ya nne na simu yake. Mtoto wa binamu aliyezaliwa mwezi uliopita mbusieni kwa niaba yangu, nami nitambusu mwenyewe nikifika. Twalib msimwambie kitu mpaka Athmani aseme, ila mtu akimpa salamu zangu, salamu hizo ni za kweli.

Chini hapa nimemwachia Athmani nafasi. Ameniambia nitoke nje, ataandika kwa mkono wa kushoto na kuifunga bahasha yeye mwenyewe. Sitakiona alichokiandika. Rukia, mwandiko utakuwa mbaya, usimcheke.

Ni mimi mwanao, kwa jina langu,
Swaleh

Labeka mama
ni mimi
nimechelewa kuitika unisamehe taya
umeniuliza kama nimeridhia
Rukia hapa usiruke soma kwa sauti
wewe je umeridhia